Homa ya Samaki

Kwetu, simu inayolia saa kumi na moja alfajiri ni simu ya msiba. Ndiyo maana nilipoona jina la mjomba kwenye kioo cha simu, mwaka jana mwezi wa Machi, nilikaa kwanza kitandani kabla ya kupokea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Wewe si ndiye unayesomea magonjwa ya samaki?"

Hakuna mtu aliyekufa. Waliokufa ni sato. Mjomba anaishi kando ya Ziwa Victoria, upande wa Sengerema. Miaka miwili kabla ya simu hiyo, yeye na wenzake saba walikopa fedha kwenye kikundi chao wakatengeneza kizimba: fremu ya mabomba, mapipa ya plastiki ya kuifanya ielee, nyavu zinazoning'inia majini, na ndani yake vifaranga wa sato walionunuliwa kwa mtu. Mavuno ya kwanza yalilipa nusu ya deni. Haya ya pili yalitakiwa kulimaliza.

Siku ya kwanza waliokota samaki sita waliokufa. Siku ya pili, ndoo nzima. Siku ya nne walihitaji mtumbwi.

"Wazima wako chini, wanakula," mjomba alisema. "Wagonjwa wamekuwa weusi, wamepanda juu, wamejikusanya upande unaopigwa na jua. Wamekaa tu, kama mtu mwenye homa anavyotoka nje asubuhi kuota jua. Hebu niambie, samaki naye hushikwa na homa?"

Nilimjibu bila kufikiri. Hapana, mjomba. Samaki ni mnyama wa damu baridi. Joto la mwili wake ni joto la maji aliyomo. Hana namna ya kupata homa.

Nilimwambia pia amwite afisa uvuvi, apunguze chakula, awatoe waliokufa na kuwafukia mbali na ziwa badala ya kuwatupa majini. Ushauri huo ulikuwa sahihi. Jibu langu kuhusu homa halikuwa sahihi, na nililitoa kwa sauti ya mtu anayejua.

Mtaalamu alipofika, samaki waliobaki walikuwa wameoza kiasi kwamba hakuna sampuli iliyofaa kupelekwa maabara. Kilichowaua sato wa mjomba hakikupata jina. Deni lilibaki. Miezi mitatu baadaye, nikitafuta kitu kingine kabisa kwa ajili ya tasnifu yangu, nilikutana na makala fupi iliyochapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 1976. Ilihusu homa ya samaki. Jibu nililompa mjomba lilikuwa limepitwa na wakati kwa karibu miaka 50.

*

Ili kuelewa makala ile, ilinibidi nirudi nyuma hadi kwenye swali lililoitangulia: samaki hupambanaje na virusi?

Hadi katikati ya karne ya 20 swali hilo halikuwa na pa kuulizwa. Bakteria unaweza kuwaotesha kwenye sahani ya maabara. Virusi vinahitaji seli hai, na hakuna aliyekuwa na seli za samaki zinazoendelea kuishi nje ya samaki. Wafugaji wa trauti huko Ulaya na Marekani waliona vifaranga wao wakizunguka kama pia kisha wakifa kwa maelfu, na wataalamu walibaki kubishana kama tatizo ni chakula, maji au kitu kingine.

Aliyefungua mlango huo ni Ken Wolf, mtafiti wa Marekani aliyefanya kazi katika maabara ya magonjwa ya samaki huko Leetown, West Virginia. Mwaka 1960 yeye na wenzake walionyesha kwamba ugonjwa mmoja uliokuwa ukiua vifaranga wa trauti, ule unaoharibu kongosho, ulisababishwa na kirusi. Mwaka 1962, yeye na M. C. Quimby walitangaza kwamba wamepata seli za samaki zinazokua na kugawanyika maabara bila kikomo. Walizitoa kwenye tezi za uzazi za trauti. Seli hizo, zinazoitwa RTG-2, bado zinatumika duniani leo. Jambo lililowavutia ni kwamba zilivumilia tofauti kubwa ya joto, kuanzia baridi ya kwenye friji hadi joto la chumba. Seli ya binadamu isingeweza. Samaki, hata akibaki seli tu kwenye chupa, ni kiumbe aliyezoea kwamba dunia yake inapoa na kupata joto.

Wakati huohuo London, habari nyingine ilikuwa imeanza. Mwaka 1957, Alick Isaacs na Jean Lindenmann walichukua utando wa yai la kuku wakaukutanisha na virusi vya mafua vilivyokwisha kuuawa kwa joto. Utando ule ukawa sugu: walipouwekea virusi hai, havikustawi. Kisha wakachukua majimaji yaliyouzunguka wakayapeleka kwenye utando mwingine, nao ukawa sugu pia. Seli zilizoguswa na kirusi zilikuwa zimetoa kitu cha kuwaonya majirani. Wakakiita interferoni.

Je, samaki naye anacho? Mwaka 1965 dalili za kwanza zilionekana Marekani katika seli za samaki mdogo wa maji baridi. Mwaka 1973, Wafaransa wawili, P. de Kinkelin na M. Dorson, waliwaambukiza trauti hai kirusi cha Egtved, kisha wakapima damu yao. Ndani yake mlikuwa na kitu kilichozuia virusi kustawi kwenye seli za trauti. Egtved ni kijiji cha Denmark, na kirusi kilichopewa jina lake huwafanya trauti wavuje damu ndani ya misuli na viungo. Jeni zenyewe za interferoni ya samaki zilikuja kusomwa mwaka 2003 tu, miaka 46 baada ya lile yai la London.

Leo tunaweza kueleza kinachotokea. Kirusi kinapoingia kwenye seli ya samaki, huacha alama ambazo seli yenyewe haina, kama vile nyuzi pacha za RNA. Ndani ya seli kuna protini zinazolinda zamu kwa ajili ya alama hizo. Zikizigusa, seli hupiga mbiu kwa kutoa interferoni. Seli za jirani zikiisikia hufunga milango: huwasha mamia ya jeni, baadhi zikiwa za kukatakata RNA ya mgeni, nyingine za kusimamisha viwanda vya protini ambavyo kirusi kingevitumia. Hiyo ni kinga ya saa na siku za mwanzo. Kinga ya pili, ile ya kingamwili zinazomjua adui kwa sura yake, huja baadaye. Samaki anayo hiyo pia. Mababu wa samaki wenye taya walikuwa nayo zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na sisi tuliirithi kutoka kwao.

Lakini kazi yote hiyo ni kemia, na kemia huenda polepole kwenye baridi. Katika maji baridi, trauti anaweza kuhitaji wiki kadhaa kabla kingamwili hazijaonekana kwenye damu yake, na kirusi hakimsubiri. Wafugaji wa Denmark waliujua ukweli huo kwa macho: ugonjwa wa Egtved ulikuja maji yakiwa chini ya nyuzijoto 15 na kupungua majira ya joto. Samaki yuleyule, bwawa lilelile, kirusi kilekile. Kilichobadilika ni maji.

Hapo ndipo swali la mjomba linapoingia. Ikiwa joto la maji linaamua nani atashinda, samaki mgonjwa anaweza kufanya nini kuhusu joto la maji?

*

Jibu lilianza kwa mjusi. Katikati ya miaka ya 1970, Matthew Kluger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walikuwa wakichunguza mjusi wa jangwani ambaye, kama samaki, hatengenezi joto lake mwenyewe. Walimpa sehemu ya kukaa yenye upande wa moto na upande wa baridi. Mjusi mzima alihama huku na huku ili kubaki kwenye joto lake la kawaida. Mjusi aliyedungwa bakteria alichagua kukaa kwenye joto zaidi. Mwaka 1975 walichapisha jaribio la pili: wagonjwa wakafungiwa kwenye viwango tofauti vya joto, bila nafasi ya kuchagua. Waliofungiwa kwenye joto la homa wengi walipona, na waliofungiwa kwenye ubaridi walikufa.

Mwaka uliofuata ilitoka ile makala niliyoikuta. William Reynolds, Martha Casterlin na Jeffery Covert, wakiwa Pennsylvania, walifanya jambo hilohilo kwa samaki. Waliwadunga bakteria waliokufa, wasioweza kumdhuru mtu, kisha wakawaweka kwenye tangi ambalo samaki mwenyewe huchagua joto. Wakaogelea kwenda kwenye maji yenye joto zaidi ya yale waliyoyapenda kabla ya sindano, kwa zaidi ya nyuzi 2. Mwaka 1977 Covert na Reynolds wakaonyesha kwamba samaki wa dhahabu walioambukizwa hupona zaidi wakipata nafasi hiyo.

Kwa hiyo samaki hushikwa na homa. Tofauti na sisi ni kwamba homa yetu hutufuata kitandani, na yake inabidi aifuate kwa mapezi. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka bibi, mama yake mjomba, aliyekuwa akinifunika blanketi juu ya sufuria ya majani yanayochemka kila nilipopata mafua, huku nikilia kwamba nitakufa humo. Samaki huingia mwenyewe kwenye nyungu yake. Hakuna wa kumshika.

Majaribio hayo yalihusu bakteria. Ushahidi kuhusu virusi ulikuja kwa njia ya hasara. Mwaka 1998, mabwawa ya Israel yalipoteza karpi na koi kwa wingi. Karpi ni chakula, na koi ni ndugu yake wa rangi rangi anayefugwa kwa mapambo. Kirusi kilichohusika ni cha jamii ya hepesi, ambacho leo kinaitwa CyHV-3, nacho kilisafiri na biashara ya samaki hadi mabara mengine. Mwaka 2003 kiliingia kwenye vizimba vya karpi katika Ziwa Kasumigaura, Japani. Mwaka 2004 kiliua zaidi ya karpi 100,000 wa porini katika Ziwa Biwa.

Waisraeli, kabla ya kuwa na chanjo, walitumia ujanja wa joto. Waliwaweka vifaranga wazima pamoja na wagonjwa kwa siku tatu hadi tano, kwenye maji ya nyuzijoto 22 au 23, ambamo kirusi hustawi. Kisha wakawahamishia kwenye mabwawa ya takriban nyuzijoto 30 kwa karibu mwezi mmoja. Katika joto hilo kirusi hudorora, na kinga ya samaki hupata muda wa kukijua. Wengi wa waliotoka humo hawakuugua tena. Njia ilikuwa na hatari zake, kwa sababu aliyepona anaweza kubaki na kirusi mwilini na kuwaambukiza wengine, na baadaye chanjo ya kirusi kilichodhoofishwa ilichukua nafasi yake. Lakini wafugaji walikuwa wamefanya kwa mikono yao kile ambacho samaki wa Pennsylvania walikifanya kwa mapezi.

Mwaka 2013, kundi la watafiti wa Ulaya liliwapa samaki milia, wale wadogo wa maabara, RNA ya kutengenezwa inayofanana na ya virusi. Samaki walikwenda kwenye joto, na huko jeni zao za kupambana na virusi ziliwaka kwa nguvu kuliko za wenzao walionyimwa njia. Homa ilikuwa inakuza sauti ya ile mbiu ya interferoni.

Kisha, mwaka 2017, likaja jaribio la Liège, Ubelgiji. Krzysztof Rakus, Alain Vanderplasschen na wenzao walijenga matangi yenye vyumba vitatu vilivyounganishwa kwa njia nyembamba: maji ya nyuzijoto 24, 28 na 32. Waliwaweka karpi walioambukizwa CyHV-3. Siku za kwanza walikaa pale wanapokaa karpi wazima. Baadaye, ugonjwa ulipokolea, walihamia kwenye chumba cha nyuzijoto 32, na huko wakapona. Wenzao waliozuiwa kwenye chumba cha nyuzijoto 24 walikufa kwa wingi.

Watafiti wakajiuliza kwa nini samaki wachelewe kwenda kwenye dawa iliyo chumba cha tatu. Walikuta kwamba mwili wa karpi mgonjwa hutoa protini iitwayo TNF-alfa, ambayo huuambia ubongo utafute joto. Protini hiyohiyo hufanya kazi katika homa yetu. Na kirusi kina jeni moja, ORF12, inayotengeneza chambo: protini inayoelea nje ya seli na kuinasa TNF-alfa kabla haijafikisha ujumbe. Walipokiondolea kirusi jeni hiyo, samaki waliondoka mapema kwenda kwenye joto.

Niliisoma sehemu hiyo mara tatu. Kirusi hakiwezi kuzuia jua lisipashe maji. Kinachoweza ni kumchelewesha samaki asiende kwenye jua, na kimetunza jeni nzima kwa kazi hiyo. Kama homa ya samaki isingekuwa na maana, kirusi kisingejisumbua nayo.

*

Ningependa kuishia hapo, kwa sababu hapo mjomba anashinda kabisa na mimi nashindwa kabisa. Lakini karpi si sato, wala kila kirusi hakiogopi joto.

Kuanzia mwaka 2009, wavuvi na wafugaji wa Israel waliona sato na ndugu zake wakipungua na kufa, pamoja na wale wa Ziwa Kinneret, ambalo Wakristo wengi wanalijua kama Bahari ya Galilaya. Mwaka 2014 watafiti walitangaza kirusi kipya, wakakiita kwa jina la samaki na ziwa: kirusi cha ziwa cha tilapia, au TiLV. Mwaka 2016 ilionekana kwamba kina vipande kumi vya RNA, na vingi havikufanana na chochote kilichokuwa kimeandikwa kabla. Mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa tahadhari kwa dunia nzima, kwa sababu tilapia ni chakula cha mamilioni. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliopata vinasaba vya kirusi hicho kwa sato wa Ziwa Victoria, wa kufugwa na wa porini, upande wa Uganda na wa Tanzania. Samaki hao hawakuwa na dalili za ugonjwa.

TiLV huko Israel iliua majira ya joto. Sato ni samaki wa maji ya moto, na kirusi chake kimezoea moto huohuo. Kwake yeye kwenda juani huenda kusiwe dawa. Habari njema iliyotoka Israel ni nyingine: sato waliopona TiLV walikuwa na kinga walipoambukizwa mara ya pili. Maana yake kinga ya pili, ile inayokumbuka sura, inafanya kazi, na chanjo ni jambo la kutafutwa.

Isitoshe, samaki hupanda juu kwa sababu nyingine ya kawaida sana: hewa ya oksijeni ikipungua chini, huja juu kupumua. Matamvua yaliyoharibika humfanya hivyohivyo. Wale sato weusi waliojikusanya juani walikuwa wakitafuta joto, au hewa, au vyote viwili. Sampuli ingeweza kutuambia. Lakini alichokiona mjomba kilikuwa uchunguzi wa kweli, uliofanywa na mtu aliyewatazama samaki wake kila siku kwa miaka miwili, na mimi niliufunga kwa sentensi mbili za kidato cha pili.

Kuna jambo jingine katika historia hii linalonisumbua. Mjusi, samaki wa Pennsylvania, karpi wa Liège: wengi walipona walipopata joto, na wengi walikufa walipolikosa. Ziwa lina ufuko wa maji ya moto na kilindi cha maji baridi. Kizimba kina mita chache za wavu. Tunapomfungia samaki tunampa chakula na tunamlinda asiliwe, kisha tunamnyang'anya safari ambayo mababu zake waliitegemea walipougua. Sisemi vizimba vivunjwe. Mjomba ana deni, na samaki wa porini ziwani hawatoshi. Nasema tunapaswa kujua tumemnyang'anya nini.

Nilimpigia simu. "Mjomba," nilisema baada ya salamu, "lile swali lako. Samaki hushikwa na homa."

Alikaa kimya kidogo. "Mimi niliona," alisema. Hakucheka.

Mwezi wa Desemba nilikwenda Sengerema na kipimajoto kilichofungwa kwenye kamba yenye mafundo kila mita moja, na chupa ndogo kumi za kuhifadhia sampuli. Kikundi kilikuwa kimeweka vifaranga wapya. Tulikwenda kizimbani alfajiri: maji ya juu na ya chini yalikuwa karibu sawa. Tulirudi saa nane mchana, na fundo la kwanza lilikuwa na joto zaidi ya fundo la nne kwa karibu nyuzi 2. Mjomba alitoa daftari lake la mahesabu ya chakula. Alipiga mistari kwa rula na kuandika vichwa vya safu: tarehe, saa, joto juu, joto chini, waliokufa. Kisha akafikiri kidogo na kuongeza safu ya mwisho, akaiandika "wako wapi".